Nani anakimbia darini usiku? Panya, popo na wageni wengine wa paa lako

Mahindi yakishavunwa na kuingizwa ndani, ujumbe wa aina moja huanza kufika kwenye simu ya studio: darini hakulaliki. Wengi huuliza sumu ipi ni kali zaidi. Tunaomba usikimbilie dukani. Kwanza jua nani yuko juu.

Sikiliza saa. Popo hutoka jua linapozama na kurudi kabla ya mapambazuko, wakiwa na milio myembamba. Panya huanza watu wakishatulia, hukimbia kufuata ukuta na boriti, na hutafuna. Vishindo vizito, kisha kilio kama cha mtoto kutoka kwenye miti ya jirani, huenda ni komba.

Mchana, panda na tochi ya simu ukiwa umefunika pua na mdomo, uangalie kinyesi. Usikishike, kibonyeze kwa kijiti. Cha panya kikikauka huwa kigumu. Cha popo anayekula wadudu husagika kuwa vumbi lenye vipande vya mabawa vinavyong'aa. Ukikuta madonge ya manyoya yaliyochanganyika na mifupa midogo, hayo ni mabaki ya panya yaliyotapikwa na bundi. Tunajua kwa familia nyingi bundi ni mkosi, na hatutabishana na wazee wetu hapa. Lakini bundi mwenye makinda hukamata panya kadhaa kwa usiku mmoja, na wala hadai kulishwa.

Sasa tuje kwa panya, maana huyu ndiye mwenye kazi. Mimba yake huchukua kama siku 21 hadi 23, kisha anazaa watoto kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo ukiua watano na kuacha chakula na tundu la kuingilia, baada ya miezi michache umerudi pale pale. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, ndiyo maana hatulii: leo boriti, kesho gunia, keshokutwa waya wa umeme au wa sola. Waya uliochunwa juu ya mbao kavu unaweza kuwasha nyumba.

Kuhusu sumu tuseme wazi. Unga au chembe zinazouzwa mnadani bila lebo, muuzaji akisifu kwamba panya "hafiki mlangoni", mara nyingi ni dawa kali ya wadudu wa shambani. Ikichanganywa na dagaa au unga, mtoto haoni tofauti. Nazo sumu za dukani zenye lebo, nyingi hufanya kazi polepole kwa kuzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo mtoto aliyeila anaweza kuonekana mzima leo na kuanza kutokwa damu baadaye. Usisubiri dalili. Mpeleke kituo cha afya mara moja, ukiwa na pakiti mkononi ili mganga ajue ni sumu gani. Kumtapisha au kumpa maziwa si tiba, kunapoteza muda tu. Tena paka na bundi wakila panya mwenye sumu hufa nao, ukabaki huna msaidizi.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Wilayani Lushoto ugonjwa wa tauni ulizuka mwaka 1980 na ukawa unarudi kwa zaidi ya miaka 20. Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa na mwili kupoa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, na aliyelala chini ya dari hiyo ndiye wa karibu. Kwa hiyo mahali penye historia ya tauni, dawa ya viroboto hutangulia, kuua panya kunafuata. Ukiona panya wengi wamekufa bila mtu kutega wala kuweka sumu, usiwashike na usiwaache watoto wawachezee. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Homa kali ya ghafla na tezi zilizovimba kinenani au kwapani ni safari ya hospitali. Tauni ikiwahiwa inatibika kwa dawa.

Njia tunayoiamini sisi ni kuziba na kutega. Panya mkubwa hupita kwenye tundu la upana wa kidole gumba, na yule mdogo wa nyumbani huhitaji tundu la unene wa kalamu tu. Tazama pale migongo ya bati inapokutana na ukuta, hapo ndipo lango lao. Jaza waya wa kusugulia sufuria, kisha ufunike kwa saruji. Matambara na udongo mtupu atavitoboa. Wavu wa banda la kuku nao una matundu makubwa mno. Kata matawi yanayogusa paa.

Mtego wa kubana uweke ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, kwa kuwa panya hapendi kukata katikati. Ni mwoga wa kitu kigeni, hivyo acha mtego na chambo siku mbili tatu bila kuutega. Akishazoea kula, tega. Aliyekufa mwokote kwa glovu au koleo, umfukie.

Na yale mahindi? Kuyaweka darini juu ya vitanda ni kumwandalia panya karamu na kumkaribisha nyoka anayemfuata. Ile mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu vizuri, lakini panya huitoboa. Kihenge cha bati kinamshinda. Kama una ghala la nguzo, zungushia kila nguzo bati laini, karibu mita moja kutoka chini, ateleze.

Popo ni habari nyingine. Hatafuni kitu, na wadudu anaowala kila usiku ni wengi. Kero yake ni kinyesi na harufu. Usizibe wakiwa ndani, wataoza humo, au watashuka sebuleni. Kwanza hakikisha hakuna watoto wasioweza kuruka. Wengi huzaa karibu na mvua. Kisha ning'iniza wavu mwepesi juu ya tundu, umefungwa juu na pembeni, chini wazi. Watateleza kutoka na hawataweza kurudi. Baada ya siku kadhaa za kimya, ziba. Kinyesi kinyunyizie maji kabla ya kufagia, maana vumbi lake huumiza mapafu. Usimshike popo kwa mkono mtupu. Aking'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kama ni nyuki, usiwashe moshi chini ya makuti. Mwite mfugaji nyuki aje jioni.

Ukishamaliza kuziba, nyunyiza majivu membamba kando ya ukuta huko darini, urudi asubuhi na tochi. Nyayo zitakuonyesha tundu ulilolisahau.