Kwa nini salamu za sikukuu za wanasiasa hupimwa kwa mizani Kibera na Kawangware

MWEZI unapoandama na Kadhi Mkuu kutangaza kumalizika kwa Ramadhani, hakupambazuki kabla ya salamu za viongozi kuanza kumiminika. Rais hutuma ujumbe wake kutoka Ikulu, magavana hufuata, nao wabunge, madiwani na wale wanaovimezea mate viti vyao hutundika mabango yenye picha zao kando ya Kibera Drive na Naivasha Road. Ikija Krismasi, mabango yaleyale hurudi. Kinachobadilika ni maandishi, na pengine kofia aliyovaa mheshimiwa.

Kwa mtazamaji wa mbali, iwapo kiongozi wa umma anafaa kutoa salamu za kidini au abakie na salamu za jumla zisizotaja dini yoyote, hilo ni suala la katiba. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, ambako Waislamu na Wakristo wa madhehebu chungu nzima wanaishi mabati kwa mabati, ni suala la hesabu: nani ametajwa, nani ameachwa nje, na ni kitu gani kilichofuata baada ya salamu.

Katiba haitoi jibu jepesi. Kifungu cha 8 cha Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 kinasema kwa maneno machache mno kwamba Kenya haina dini ya taifa. Hata hivyo, dibaji ya Katiba hiyohiyo inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa ni dua kuanzia neno la kwanza. Kenya, basi, haijawahi kuwa kama Ufaransa, ambako sheria ya 1905 ilitenganisha makanisa na serikali. Hapa serikali haina dini, lakini inatarajiwa kuwa na adabu kwa dini zote. Baadhi ya watu huona mpaka huo ukivukwa. Julai 2025, habari za ujenzi wa kanisa ndani ya Ikulu ya Nairobi zilipochapishwa, Rais William Ruto alisema analijenga kwa fedha zake mwenyewe. Wapinzani wake wakamkumbusha Kifungu cha 8.

Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, nayo imepanga imani kwa ngazi. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Idd-ul-Fitr ni mapumziko ya kila Mkenya. Idd-ul-Azha imeandikwa kuwa sikukuu ya Waislamu, na Diwali ya Wahindu. Katika miaka ya hivi karibuni, waziri anayehusika na usalama wa ndani amekuwa akichapisha ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali ili Idd-ul-Azha iwe mapumziko ya wote. Ilani hiyo hungojewa kwa hamu Makina, kwani mfanyakazi asiyepewa ruhusa huswali alfajiri kisha akakimbilia kibarua siku ambayo wenzake wanachinja.

Lugha pia ina neno lake katika jambo hili. Marekani, mabishano huzuka kati ya salamu ya Krismasi na ile ya 'likizo njema'. Mnamo 2005 Rais George W. Bush alilaumiwa na baadhi ya Wakristo wahafidhina kwa kutuma kadi iliyotaja msimu wa sikukuu bila kuitaja Krismasi, na Donald Trump akaifanya hoja hiyo kuwa ya kampeni mwaka wa 2016. Kiswahili hakina ugomvi huo. Neno 'sikukuu' hubeba Idd, Pasaka, Madaraka na Jamhuri kwa pamoja, na mtu akisema 'heri ya sikukuu' hajamkana yeyote. Anayetafuta salamu zisizo za dini nchini Kenya hana budi kuzitafuta katika siku za taifa, na huko ndiko salamu zilikopungua utamu. Ni nadra jirani wa Gatina au Laini Saba kumbishia mwenzake mlango Desemba 12 ili amtakie Jamhuri njema, wala hakuna sahani ya pilau inayovuka kichochoro siku ya Madaraka.

Siku hizo za taifa zimekosa hata uthabiti wa majina. Oktoba 20 ilikuwa Sikukuu ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoifanya kuwa ya Mashujaa. Oktoba 10 ilikuwa Sikukuu ya Moi, ikaachwa, ikarudishwa na uamuzi wa Mahakama Kuu mwaka wa 2017, kisha ikaitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, na mwaka wa 2024 ikawa Siku ya Mazingira. Mwanasiasa anayetaka kumgusa mpiga kura moyoni hawezi kuegemea siku ambayo jina lake hubadilishwa na kila serikali.

Ndiyo sababu salamu za dini zimepewa kazi ambazo hazikuwa zao. Ujumbe wa kawaida wa Idd kutoka kwa kiongozi wa Kenya huanza kwa kuwapongeza Waislamu kwa kutimiza saumu, kisha katika sentensi ya pili au ya tatu huhamia kwa 'Wakenya wote', halafu amani, umoja na miradi ya maendeleo. Ule wa Krismasi hufuata njia hiyohiyo, ila saumu huwa imeondolewa na tahadhari dhidi ya ajali za barabarani kuingizwa. Msomaji makini atagundua kwamba dini imo katika anwani tu, nayo barua yenyewe ni ya siasa.

Kibera wana sababu ya kusoma anwani hiyo kwa uangalifu kuliko wengine. Mtaa huu ulianzishwa na Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Serikali ya kikoloni iliwatengea ardhi ya zaidi ya ekari 4,000 mwanzoni mwa karne iliyopita bila kuwapa hati. Baada ya uhuru, wakazi kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko walizidi kumiminika, na Wanubi, ambao ni Waislamu, wakawa wachache katika mtaa waliouita wao. Kwa miongo mingi walikuwa na nyumba za kupangisha lakini hawakuwa na cheti cha ardhi. Walikuwa na kura lakini kijana wao akifikisha umri wa miaka 18 hupelekwa mbele ya kamati ya kumhoji asili yake kabla ya kupewa kitambulisho. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala hilo la uraia.

Mtu aliyetajwa kila Idd kama 'ndugu zetu Waislamu', kisha akaulizwa karatasi za babu yake katika ofisi ya serikali Jumatatu inayofuata, hawezi kuipokea salamu hiyo kama anavyoipokea mkazi wa mtaa mwingine.

Yaliyotokea mwaka wa 2001 hayajasahaulika. Oktoba 31 mwaka huo, Rais Daniel arap Moi alizungumza Kibera na kuagiza kodi za nyumba ziangaliwe upya. Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata na waziri katika serikali hiyo, aliunga mkono kupunguzwa kwa kodi. Wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi, wapangaji wengi walikuwa Waluo. Vurugu zilizuka mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Desemba, watu wakauawa, nyumba zikachomwa na familia kuhama. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Chanzo kilikuwa kodi, si dini, lakini salamu za Idd zilizofuata katikati ya Desemba ziliwafikia watu waliokuwa wakilala nje ya makao yao.

Linganisha na Juni 2017. Wakati wa mfungo wa Ramadhani mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya ekari 288. Uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti 8, miezi miwili tu mbele, na wapo waliosema hati hiyo ilikuwa chambo. Yawezekana. Lakini ilikuwa salamu yenye muhuri wa serikali juu yake, na ekari hizo, ingawa ni sehemu ndogo ya zile za awali, haziondolewi baada ya sikukuu kama bango.

Kawangware ni kisa kingine. Mtaa huu wa Dagoretti umejaa Wakristo wa kila namna: Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekosti, Waadventista, Waakorino wenye vilemba vyeupe, Legio Maria na makanisa ya Roho yaliyotoka Magharibi na Nyanza. Misikiti ipo, ila Waislamu ni wachache. Mwanasiasa hudhani kwamba huko 'Krismasi njema' inamtosha kila mtu. Haimtoshi. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi siku hiyo kabisa, na kuna Waadventista wasioipa uzito wowote wa ibada. Isitoshe, uhasama uliowahi kuutikisa mtaa huu haukupita kati ya msikiti na kanisa. Baada ya marudio ya uchaguzi wa urais Oktoba 26, 2017, wafuasi wa Jubilee na wa NASA walikabiliana eneo la Kawangware 56, vibanda na nyumba zikateketezwa. Pande zote mbili ziliimba nyimbo za Krismasi miezi miwili baadaye. Salamu iliyowaunganisha kwa jina la dini haikuweza kugusa kilichowatenganisha, ambacho ni kabila na chama, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyetaka kukitaja kwenye bango.

Msimu uliobana salamu nyingi kuliko wowote ule ni Desemba 2007. Idd-ul-Azha iliangukia wiki moja kabla ya kura, Krismasi siku mbili kabla, na upigaji kura ukawa Desemba 27. Tayari kampeni zilikuwa zimechafuliwa na mkataba ambao Raila alitia saini Agosti 29 mwaka huo na Baraza la Viongozi wa Kiislamu, NAMLEF. Nakala iliyozagaa ilidai kwamba aliahidi kuleta sheria za Kiislamu. Yeye na viongozi hao walikanusha na kutoa nakala waliyosema ndiyo halisi, iliyohusu kukomesha ubaguzi dhidi ya Waislamu. Katika hali hiyo, kila 'Idd Mubarak' iliyotoka kinywani mwa mgombea ilihesabiwa na mahasimu wake kama ushahidi, na kila ibada aliyohudhuria ikawa utetezi.

Kisha matokeo yakatangazwa Desemba 30. Kibera reli iling'olewa, Kawangware majirani wakafukuzana, na salamu za Mwaka Mpya za Januari 1, 2008 zilisomwa siku ambayo kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa likiwa na watu, wakiwemo wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini.

Tanzania imejaribu njia nyingine. Huko serikali hukariri kwamba haina dini ingawa wananchi wake wanazo, na Baraza la Idd humkaribisha Rais au kiongozi mwingine mkuu aje akae, asikilize risala ya Waislamu kisha ajibu. Ubora wa utaratibu huo ni kwamba salamu hulazimika kujibu hoja. Upungufu wake ni kwamba hoja nyingi hurudi katika risala ya mwaka unaofuata.

Nairobi, mazungumzo ya aina hiyo hufanyika zaidi kwa unga, mchele, mafuta ya kupikia na, wakati wa Ramadhani, tende. Pakiti huwa na picha ya mtoaji. Ijumaa Kuu ya Aprili 10, 2020, makanisa na misikiti ikiwa imefungwa kwa sababu ya corona, umati ulisukumana kugombea chakula cha msaada katika ofisi za utawala Kibera, polisi wakarusha vitoa machozi na watu wakajeruhiwa. Waliopanga foleni siku hiyo hawakuulizwa dini, na hilo lilikuwa jambo jema pekee katika mpango mzima.

Lipo pia kundi ambalo halitajwi na bango lolote. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu kuwa karibu asilimia 11 ya Wakenya, na watu wapatao 750,000 walisema hawana dini. Salamu ya 'Wakenya wote' ndiyo pekee inayowafikia hao, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo viongozi huiandika kwa uvivu mkubwa zaidi.

Kalenda ya 2027 imekwisha kujipanga. Idd-ul-Fitr inatarajiwa karibu na Machi 10, mwezi ukionekana, na Pasaka ni Machi 28. Idd-ul-Azha itafuata katikati ya Mei, Madaraka Juni 1, na uchaguzi mkuu Agosti 10. Wachapishaji wa mabango wa Kibera Drive na Naivasha Road watakuwa na kazi ya miezi mitano mfululizo, na Makina watakuwa wakitazama ni nani miongoni mwa wenye picha hizo atakayeitaja ardhi kwa jina.