Mapezi ya Mdomo wa Pampu na Utiifu wa Boti

Mwanafunzi wa Buhongwa akishuka upande wa magharibi hadi ufuko wa Ghuba ya Mwanza, atakuta mitumbwi ya makasia, mitumbwi ya tanga na boti zenye injini za kupachika. Kila kimoja kina kitu kinachozama majini chini ya chombo: mkuku, kasia, au mguu wa injini wenye rafadha. Iko aina nyingine ya boti ambayo chini yake ni tupu. Boti hiyo husukumwa kwa pampu. Katika makala haya tutachunguza jinsi vipande vidogo vya chuma, viitwavyo mapezi, vinavyoweza kuifanya boti hiyo imtii nahodha au imkaidi.

Boti ya pampu ilisitawishwa nchini New Zealand na William Hamilton katika miaka ya 1950. Alitaka chombo cha kupanda mito ya kina kifupi yenye mawe, ambamo rafadha ingevunjika. Mwaka 1960 boti za aina yake zilipanda mto Colorado, Marekani, na katika miaka ya 1974 na 1975 msafara ulioongozwa na John Blashford-Snell ulizitumia katika mto Kongo, ambao wakati huo uliitwa Zaire.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Maji huingia kupitia mdomo ulio chini ya boti, karibu na tezi. Gurudumu lenye mapanga huyaongezea kasi, kisha hutupwa nyuma kupitia tundu jembamba. Kanuni ya tatu ya Newton hufanya kazi iliyobaki: maji yakisukumwa nyuma, boti husukumwa mbele. Tuseme pampu inapitisha lita 100, yaani kilo 100 za maji, kwa kila sekunde, na kuyaongezea kasi ya mita 10 kwa sekunde. Nguvu ya msukumo itakuwa 100 × 10, yaani nyutoni 1,000.

Boti hii haina usukani wa kuzama majini. Nahodha hugeuza tundu la nyuma, na maji yanayoruka huisukuma tezi upande. Hapa pana jambo la hatari ambalo yafaa likumbukwe: msukumo na uongozi ni kitu kimoja. Nahodha aonaye mtumbwi mbele yake akaondoa mafuta kwa hofu, hupoteza uwezo wa kukata kona papo hapo.

Sasa tuyatazame mapezi. Mdomo wa pampu hufunikwa kwa fito za chuma zilizolazwa kuelekea urefu wa boti. Fito hizo huzuia mawe na takataka, na pia hunyoosha mkondo wa maji kabla haujafika kwenye mapanga. Fito zikipinda, maji huingia kwa kuzunguka bila mpango, gurudumu hutetemeka na msukumo hupungua.

Kando ya mdomo huweza kuongezwa mapezi mawili yanayochomoza chini. Kazi yake ni mbili. Kwanza, boti inapokata kona huinama, na upande mmoja wa mdomo hukaribia uso wa maji. Pampu ikimeza hewa, injini hulia kwa kasi lakini boti haiendi wala haigeuki. Mapezi huwa kama kuta za kuzuia hewa isiingie kwa ubavuni. Pili, huyashika maji ili tezi isiteleze upande, kama manyoya ya mshale yanavyoshika hewa.

Lakini mahali pa pezi ni muhimu kuliko ukubwa wake. Pezi lililo nyuma ya kitovu cha uzito hunyoosha mwendo. Likisogezwa mbele ya kitovu hicho, omo hushikwa na maji huku tezi ikiendelea kuruka, na boti huweza kujizungusha ghafla. Pezi refu mno nalo huongeza ukinzani, hupunguza kasi, na katika kona kali huweza kuikwaza boti mpaka ipinduke.

Ziwa letu lina masharti yake. Uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa yapata asilimia 13 kuliko pwani. Kwa hiyo viputo vya mvuke, ambavyo hutokea pale shinikizo linaposhuka mno kwenye mapanga, huanza mapema zaidi kuliko Dar es Salaam, iwapo mambo mengine yote ni sawa. Tena lipo gugumaji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mizizi na majani yake yakiziba fito, pampu hukosa maji, na viputo huongezeka. Fito zikibanana, huziba upesi. Zikiachana, uchafu hufika kwenye gurudumu. Mapezi marefu nayo hunasa nyavu za wavuvi. Basi anayechagua boti ya uokoaji kwa ghuba yenye magugu hana budi kuuliza habari za mdomo wa pampu kabla ya kuuliza nguvu ya injini.

Jaribio kwa darasa: Chukua kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 20 na karai pana la maji, au bwawa tulivu. Kata pezi dogo kutoka bati la kopo. Mwalimu asimamie, kwa kuwa bati hukata. Lichomeke chini ya ubao karibu na nyuma, usukume ubao, na uandike mwendo wake. Rudia pezi likiwa katikati, kisha likiwa mbele. Wanafunzi waeleze, kwa mchoro wenye mishale ya nguvu, kwa nini ubao uleule hufuata njia tatu tofauti.