Habari za Mteja ni Amana

Ndugu zetu Waislamu, amana si fedha na mali tu. Jina la mtu, nambari ya kitambulisho chake, nambari ya simu yake na hesabu ya deni lake, akikupa hayo kwa haja ya biashara, yamekuwa amana mkononi mwako, na siku ya Kiyama utaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, ametuamuru kuzirejesha amana kwa wenyewe. Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba za watu pasi na idhini. Basi afunuaye habari za mwenziwe bila ya ruhusa ana tofauti gani na aliyeingia kwake bila ya kubisha hodi?

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kuhifadhi habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kwa sheria ya Kenya, mfanyi biashara hana ruhusa ya kuchukua habari zaidi ya haja yake. Na zikivuja kwa namna ya kuhofiwa madhara, yampasa kumwarifu Kamishna katika muda wa saa 72. Mwezi wa Septemba 2023, shule moja iliyotangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi ilitozwa shilingi 4,550,000.

Na sisi tusijitoe. Chuoni kwetu tulikuwa tukibandika mlangoni majina ya watoto wasiolipa ada. Mtoto mmoja akasoma jina lake, akarudi kwao, asionekane wiki mbili. Mamake, mjane, alipokuja hakutugombeza, ila alituuliza: "Mwalimu, deni langu nilikwambia wewe, au niliuambia mtaa mzima?" Hatukuwa na jawabu. Karatasi ile tuliibandua siku ile ile.

Basi enyi wenye maduka, daftari la madeni lisilale wazi mezani. Muuza dawa asitaje ugonjwa wa mtu mbele ya wengine. Nanyi vijana mlioajiriwa, nambari ya simu ya binti aliyekuja kununua hamkupewa ili mumtumie salamu.

Aogopaye faini huitunza siri maadamu yuaonekana. Amchaye Mola wake huitunza hata akiwa peke yake. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.