KUFUGA KUKU UANI: YA KUTENGENEZWA KABLA YA KUNUNUA

Kila mwanachama ajua kuwa mkarafuu hautoi sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama kwa mazao, na mwaka wa pili wachumaji hukosa kazi. Katika miaka ya uhaba, kuku wachache uani huweza kuipatia nyumba mayai, kitoweo na fedha ya madaftari ya watoto, bila ya kukopa juu ya karafuu ambazo bado zimo mtini. Kwa hiyo twaona ni vyema wanachama ambao hawajapata kufuga wakaanza. Lakini twawaomba wasianze kwa kwenda sokoni. Waanze kwa kutengeneza mambo manne: banda, chakula, chanjo, na mapatano na majirani.

BANDA. Tembe watano na jogoo mmoja watosha kwa mwanzo, nao wataka banda la futi 6 kwa 4. Kuta za fito ziwe na nafasi ya kupitisha hewa, lakini zisimpitishe cheche wala paka shume. Paa la makuti lafaa, mradi halivuji, kwani banda lenye unyevu huzaa maradhi. Ndani tieni mti wa kulalia kuku na viota viwili vyenye majani makavu. Lifagiliwe mara kwa mara, na pembeni mnyunyize jivu la jikoni kupunguza utitiri.

Mahali pa banda pachaguliwe kwa akili, mbali na majamvi na sakafu ya kuanikia karafuu. Kuku huparua, na kinyesi chake kikishachanganyika na karafuu hakitoki kwa kupepeta. Itakuwa hasara kubwa mtu kuchuma vizuri, kuanika vizuri, kisha akashushiwa daraja kwa ajili ya kuku wake mwenyewe. Siku za kuanika, kuku wafungiwe. Kitalu cha miche nacho kizungushiwe ua. Samadi ya kuku ni mbolea nzuri, lakini iachwe ioze kwanza, maana ikiwa mbichi huunguza mizizi.

CHAKULA. Kuku anayetembea hujitafutia wadudu na majani, bali hayo hayamtoshi anayetaga. Mpeni chicha za nazi zisizochacha, chenga za mchele, na vumbi la dagaa. Makombe ya pwani yaliyopondwa huimarisha maganda ya mayai. Maji safi yawepo kivulini mchana kutwa. Koo wa kienyeji hutaga mayai 10 hata 15, kisha hulalia siku 21. Vifaranga wakitoka, wafunikeni kwa tenga siku za mwanzo, kwani kunguru, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka, hawaachi kifaranga kilicho wazi.

CHANJO. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mwizi huiba kuku mmoja na mwewe huchukua kifaranga kimoja, lakini kideri huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Madaktari huuita ugonjwa huu Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Kuku hujikunyata, hukoroma, huharisha kijani, na pengine shingo hupinda. Dawa ya kuutibu hapana. Iliyopo ni kinga. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Yavumilia joto kuliko chanjo za zamani, hata hivyo iwekwe mahali pa baridi, mbali na jua. Hupewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimponyeshi, na aliyechanjwa leo hapati kinga leo.

MAJIRANI. Kichupa kimoja cha chanjo huwa na matone ya kuku wengi mno kuliko wa nyumba moja, nacho kikishafunguliwa hakiwekeki. Basi nyumba kumi zikipatana siku moja, zikachanga fedha na kumwita bwana mifugo, gharama huwa ndogo kwa kila mtu, na mtaa mzima hukingika. Tena mpatane juu ya mambo haya: kuku mgeni afungiwe peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenziwe, aliyekufa kwa maradhi achomwe au afukiwe chini sana, na kuku mgonjwa asipelekwe sokoni kuuzwa kwa haraka. Anayefanya hivyo hupata fedha kidogo, na huwapelekea wenzake msiba ambao kesho utarudi mlangoni pake.

Banda likiwa tayari, chakula kimepatikana, na siku ya chanjo imekubaliwa, hapo mwanachama achukue tenga lake aende kununua. Twawatakia heri.