Pauni 14, shilingi 12 na peni 2

Tarehe 29 Mei 1777, bodi ya jeshi la majini la Pennsylvania iliidhinisha malipo ya pauni 14, shilingi 12 na peni 2 kwa Elizabeth Ross, kwa kazi ya kutengeneza bendera za meli. Huyu ndiye Betsy Ross, mjane wa miaka 25 mjini Philadelphia, fundi wa mapazia, magodoro na viti vya kuvalishwa kitambaa. Wamarekani wamebishana miaka na miaka kama ndiye aliyeshona bendera yao ya kwanza. Hadithi hiyo ilitangazwa na mjukuu wake mwaka 1870, miaka 34 baada ya bibi kufariki. Mimi hati ya malipo inanivutia zaidi.

Kwa hesabu ya Pennsylvania, dola moja ya fedha ya Kihispania, yaani reale nane, ilikuwa shilingi 7 na peni 6. Kwa hiyo fundi alipata kama dola 39. Askari wa kawaida katika jeshi la Washington, lililokuwa likipigania uhuru dhidi ya Waingereza, aliandikiwa dola 6 na theluthi mbili kwa mwezi. Oda moja ya bendera, basi, ililingana na mshahara wa askari wa karibu miezi sita. Si haba, ingawa hati haisemi bendera zilikuwa ngapi.

Na jasho lake? Chukua bendera ya milia 13 yenye urefu wa futi 6, mraba wa nyota ukikata asilimia 40 ya urefu huo na kushuka milia saba. Maungio ya milia yanafika futi 58 hivi. Kila ungio likikunjwa na kushonwa mara mbili ili upepo wa mtoni usilifumue, hiyo ni futi 115. Tukikadiria michomo minane kwa inchi, sindano inapita mara 11,000. Kwa michomo 30 kwa dakika, ni saa sita bila kuinua kichwa. Hapo nyota hazijaguswa: nyota 13 za pembe tano zina kingo 130, na zikibandikwa pande zote mbili, 260. Cherehani ilikuwa bado haijaingia karakana za ushonaji.

Fedha hiyo ilikuwa ya kuendesha nyumba. John Ross, mume wa kwanza, alifariki Januari 1776. Wa pili, baharia Joseph Ashburn, alikamatwa na Waingereza akafia gerezani Plymouth mwaka 1782. Kati ya misiba hiyo, Waingereza waliukalia mji tangu Septemba 1777 hadi Juni 1778, na serikali ya Pennsylvania, mteja mnono kuliko wote, ikahamia Lancaster. Hata aliyekuwa na akiba ya noti aliumia: Machi 1780 Kongresi ilikubali kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na moja ya fedha. Aliyekuwa ameficha dola 39 za karatasi chini ya godoro alibakiwa na thamani isiyofika dola moja.

Walau alilipwa. Francis Hopkinson, mtu mkubwa aliyetia sahihi Azimio la Uhuru, mwaka 1780 aliidai Kongresi malipo kwa kubuni bendera na nembo, akianza kwa kuomba pipa la mvinyo. Hakupata mvinyo wala senti.

Betsy aliendelea kushona. Mwanzoni mwa miaka ya 1810, akielekea miaka 60, alitengeneza bendera sita za ngome za kupelekwa New Orleans, kila moja futi 18 kwa 24. Hizo ni futi za mraba 2,592 za kitambaa, zote kwa sindano ya mkono.