Mzigo Usio na Mwenyewe

Ndugu wanachama,

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kuweka dawa za sumu na vitu vya kulipuka. Wengi wetu tunavyo, wala hatuvitii maanani. Lakini kabla ya kufungua mabohari yetu, natuanze na habari ya mji wa Beirut, nchi ya Lebanon.

Mwezi wa Septemba, 2013, meli iitwayo Rhosus iling'oa nanga Batumi, Georgia, nayo imepakia tani 2,750 za amonia naitreti. Mzigo huo ulikuwa ukija upande wetu huu wa Afrika, bandari ya Beira, Msumbiji. Kitu hiki ni mfano wa chumvi nyeupe. Wakulima hukitumia kwa mbolea, na wachimba migodi hukitumia kupasulia miamba. Chenyewe hakishiki moto upesi, lakini kikipata joto kali, khasa kikichanganyika na mafuta au kikiwa kimefungiwa, huweza kulipuka.

Mwezi wa Novemba meli ilipita Beirut kuchukua mzigo mwengine, ikazuiwa kwa ubovu na madeni. Mwenyewe akaitupa. Mwaka 2014 mzigo ukashushwa, ukatiwa Ghala Nambari 12, ukakaa humo karibu miaka sita.

Je, hapakuwa na aliyejua? Walijua. Maofisa wa forodha waliandika barua mahakamani, tena na tena, wakiomba mzigo uondolewe. Haukuondolewa. Jioni ya tarehe 4 Agosti, 2020, ghala likashika moto. Watu kumi wa kikosi cha zimamoto walipelekwa bila ya kuambiwa kilichomo ndani, na wote wakafa. Mlipuko ulisikika hata kisiwa cha Cyprus. Watu zaidi ya 200 walikufa, maelfu walijeruhiwa, na kiasi cha watu 300,000 walikosa pa kukaa. Maghala makuu ya nafaka ya nchi, yaliyokuwa jirani, yaliharibika vibaya.

Mwenzetu atasema, "Mimi nina magunia mawili ya mbolea, si maelfu ya tani." Ni kweli. Lakini kosa la Beirut halikuwa wingi peke yake. Kila mmoja aliujua mzigo ule, na kila mmoja alimngojea mwenziwe.

Na sisi je? Kitabu cha mikutano cha chama kimeandikwa mara tatu kwamba bohari letu lina madebe ya dawa ya zamani, yaliyobanduka karatasi zake, nayo yamewekwa kando ya majamvi ya kuanikia karafuu. Mara zote tatu iliandikwa, "Katibu ashughulike." Aliyeagizwa ni sisi tuandikao haya, nasi hatukufanya. Twakiri kosa hilo mbele yenu.

Mkataba Nambari 170 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1990, wataka kila kemikali iwe na alama ya kuijulisha, na ikihamishiwa chombo kingine, kilichomo kijulikane. Kwa hivyo twawaomba:

1. Dawa isitiwe kabisa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi, huona kinywaji.

2. Mbolea iwekwe pakavu, mbali na petroli, mafuta ya taa, makonyo makavu na jiko.

3. Dawa isilale chumba kimoja na karafuu wala chakula. Gunia likilowa dawa, karafuu imeharibika, na jina la kisiwa pia.

4. Debe tupu lisichotewe maji. Litobolewe lisitumike tena.

5. Dawa iliyokwisha muda isichomwe, isifukiwe, wala isimwagwe mtoni. Mwarifuni Bwana Shamba.

6. Kila bohari liwe na mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari la vilivyomo, na nakala ikae nje ya bohari. Moto ukizuka, wenye kuja kuuzima wapewe daftari hilo kwanza.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, tutafungua bohari la chama pamoja na Bwana Shamba, tuyahesabu madebe yale na kuandika yatakakopelekwa. Mwanachama mwenye dawa asiyoijua aje atwambie jinsi ilivyo, lakini asiibebe mkononi wala kwenye gari la abiria. Hatatozwa kitu wala hatalaumiwa, maana wa kulaumiwa kwanza ni sisi.

Wassalaam,
Katibu wenu