Tembo wa Upemba na maji ya Lufira

Ndugu watumikaji, na ninyi mama wa nyumba, wengi wetu tembo tunamujua paka kwenye chupa ya bia. Watoto wa kambi nao ni vile vile. Njo maana mu konje ya mwaka huu, sisi wa sendika tulichanga franka, tukalipa kamio, tukapita Likasi na kushika barabara ya Mitwaba kwenda parke ya Upemba.

Barabara hatutaisimulia. Aliyeipita anaijua.

Parke hii iliwekwa 1939, wakati wa Wabelgiji. Juu kule ni baridi, majani matupu mpaka mwisho wa macho. Punda milia wa mwisho wa Kongo yetu wako kule. Lakini sisi tulitaka tembo.

Siku mbili tuliona mavi tu. Mavi ya moto bado, na miti imevunjwa kama katapila imepita. Mlinzi alitueleza: «Ba papa, hawa wanajua bunduki. Mchana wanajificha, usiku njo wanatembea.» Tulimuuliza pia mambo yetu ya sendika: viatu, mshahara, mjane anapata nini mlinzi akipigwa risasi. Alicheka kidogo, akatazama upande mwingine. Tulielewa. Na sisi tunayo majibu kama hayo.

Siku ya tatu, jua likishuka, akatuinamisha chini. Saba. Walitoka ndani ya miti bila sauti yoyote, nyama kubwa vile! Mama mmoja alikuwa na mtoto chini ya tumbo. Mimba ya tembo ni miezi 22, kwa hiyo ukiua mama mmoja, hesabu mwenyewe miaka inayopotea. Upepo uligeuka, yule mkubwa akainua mkonga, wakarudi ndani. Pengine dakika kumi, haikupita.

Tata mmoja wetu, mtumikaji wa zamani, hakusema neno mpaka usiku. Kwenye moto ndipo alisema: «Miaka ile mshahara ulikuwa haufike, nilinunua nyama yao. Watoto walikula.» Hakuna aliyemuhukumu. Ni nani kati yetu hakula kitu miaka ile? Mlinzi naye alimumiminia chai.

Asubuhi mlinzi alituuliza neno moja ambalo limetukaa moyoni: «Ninyi wa mine, maji munayaachilia wapi?» Kwani Lufira inatoka kwetu. Inazalisha umeme wetu kule Mwadingusha na Koni, inapokea mito ya upande wa Likasi pamoja na uchafu wa viwanda, halafu inashuka pembeni ya parke kuingia Lualaba, upande wa ziwa Kisale. Samaki ya kukauka ambayo mama ananunua sokoni inatoka kule kule. Tembo anakunywa, samaki anaogelea, sisi tunakula. Mu mikutano na wakubwa wa kampuni tumesemea mishahara, vumbi, kofia. Maji ya kutoka kiwandani hatujayaandika hata mara moja, na sisi njo tunafungua vali.

Wakati wa kurudi, tata alisimamisha kamio kwenye daraja la Lufira, karibu na maporomoko ya Kyubo. Akashuka polepole, akajaza chupa. Tukifika Likasi akajaza ya pili, kwenye mfereji chini ya kiwanda. Chupa zote mbili ziko juu ya meza ya ofisi ya sendika, na mukutano ni siku ya posho, saa nane.